Nyumba Tuliyoibakiza Mwisho

Ndoa yangu mie ilianza kwa kukataa ukumbi. Mwenzangu naye aliukataa, tena kabla yangu. Yeye ni karani wa bohari, mie ni mwalimu wa shule ya msingi, na wote tulishachoshwa na harusi za siku hizi, mshereheshaji anapayuka, keki ina ghorofa, halafu jirani uliyekua naye anazuiwa mlangoni kisa hana kadi. Tukasema yetu itafanyika mtaani kwetu Temeke, siku tatu. Ijumaa wanawake wachambue mchele na kumenya vitunguu uani kwa baba. Jumamosi kanisani, kisha tule barabarani, kila nyumba itoe viti na mikeka yake. Jumapili asubuhi maharusi wenyewe tushike mafagio, tufagie mtaa, ndipo tuende Wazo kwa wakwe zangu.

Na kadi hakuna. Kila nyumba tungeiendea kwa miguu, tupige hodi, tukae kidogo, tuseme tunaoana na tunawaomba waje. Shangazi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema watu wana wasap siku hizi, nyie mnataka kuota vigimbi.

Fikra hiyo haikuwa yangu. Niliipata kwa mama wa nyumba iliyopakana na yetu, mwenye duka la unga na sukari, Mwislamu wa asili ya Kiarabu, ambaye ukoo wao uko pale tangu mtaa haujawa na lami. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu. Baba, mtu wa bara, alijua kusonga ugali na zaidi ya hapo alikuwa akibahatisha tu. Yule mama akanilisha. Nilikuwaga naingia kwake kwa mlango wa uani, bila hodi, nafunua sufuria nione kuna nini. Nilimwita Mama na wala hakuna aliyeshangaa.

Alipomwoza mwanawe alinishika mkono twende kualika. Alivaa buibui lake jipya na viatu vya kutokea. Basi tukatoka mlango wa mbele, tukageuka, tukasimama mlangoni kwetu, akampigia hodi baba yangu ambaye asubuhi hiyo hiyo alinunua sukari dukani kwake. Mie nikacheka. Nikamwambia mbona baba anajua siku zote?

"Wa karibu ndiye huanza kuambiwa, mwanangu," akasema. "Ndiye wa kwanza kuumia."

Sasa angalia nilivyofanya mie, mwalimu wa watoto wa watu. Sie tulianzia mwisho wa mtaa, kule kwa mafundi wa mageti, tukasema tutakuwa tunarudi taratibu kuelekea nyumbani. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kila jioni tukitoka kazini. Tulikunywa soda nyingi sana wiki ile. Alhamisi mvua ikanyesha, na ndugu wa bara wakashuka stendi na mizigo yao, ndizi na maharage, ikabidi twende kuwapokea. Ilibaki nyumba moja tu. Mwenzangu akauliza, na pale jirani je? Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba yule ni mwenyeji, si mgeni, na mtu haaliki mama yake.

Kwani si alishashiriki? Kaka yake ndiye aliyechinja mbuzi, maana tulitaka kila mtu wa mtaa ale bila wasiwasi. Masufuria makubwa yalikuwa yake, baba ndiye aliyeyaomba. Ijumaa mkwewe Mama, yule aliyeolewa na mwanawe, aliyaleta yakiwa yamesuguliwa mpaka yanang'aa, akasema Mama anawasalimu. Nikiwa na vitunguu mkononi nikasema mwambie tunamsubiri. Kichwani mwangu nilikuwa nimemaliza.

Jumamosi hakuja. Kiti chake nilikiweka mbele kabisa, ubavuni mwa baba, pale ambapo mama yangu angekaa. Tulikula, watu wakacheza, watoto wakagombea mapaja ya kuku, na mie nimevaa shela nakitazama kiti kile. Nilimtuma mtu mara mbili. Akarudi akisema Mama anasema kichwa kinamuuma, na Mungu awabariki.

Mie nina hasira za karibu, sifichi. Nikasema moyoni, kumbe ni kanisa. Kumbe miaka yote ile alikuwa ananihurumia tu, leo nimefunga ndoa mbele ya padri ndiyo kanionesha. Nililia chumbani nikasingizia kuaga nyumbani. Jumapili nilifagia barabara mpaka mbele ya duka lake, nikageuza fagio, sikupandisha macho.

Baba alinipigia simu Wazo mara nyingi. Aliniomba niende kumwona, kwa sababu kuna kitu hakiko sawa. Nikamjibu kwamba asiyekuja ni yeye. Mume wangu akaniambia labda tulikosea. Nikamnunia siku mbili.

Mara moja tu nilimwona. Nilikuwa nimekuja kumpelekea baba dawa, na yeye amekaa kwenye kibao chake mbele ya duka. Nilimwamkia nikiwa barabarani, sikusimama. Aliitikia marahaba. Halafu akasema, nikiwa nimeshampita, "Umependeza, mwanangu." Nilisikia vizuri. Nikaendelea kutembea.

Baada ya miezi michache baba akapiga simu saa mbili asubuhi. Presha ilimwangusha Mama alfajiri na hakuamka tena. Kutoka Wazo hadi Temeke ni mbali na foleni ya siku ile haikuwa na huruma. Wenzetu hawalazi maiti, nilijua, nikawa nahesabu vituo na kumwomba Mungu wacheleweshe. Nilipofika wanaume walikuwa wanarudi makaburini, wanapangusa udongo kwenye kanzu.

Kwenye harusi mtu hualikwa, msibani anakwenda mwenyewe. Niliingia kwa mlango wa uani kama zamani. Mkwewe alinikuta nimesimama jikoni kati ya yale masufuria, nimeshindwa kuingia ndani walikokaa wanawake. Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Alinishika mkono akanipeleka chumbani kwa marehemu, akafungua kabati, akatoa doti ya kanga. Ilishakatwa, vipande vyote viwili vimekunjwa pindo na kushonwa.

Akanieleza taratibu. Tangu Jumatatu ile aliposikia tumeanza kupita, Mama alikuwa anafunga duka alasiri. Anaoga, anafukiza udi, anaweka halua na kahawa kwenye sinia, anafungua mlango wa mbele na kulifunga pazia juu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano anatusikia tunavyobisha hodi kwa watu. Alhamisi, mvua inanyesha, mlango aliuacha wazi mpaka maji yakaingia sebuleni. Ijumaa akasugua masufuria mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

"Kipande kimoja chake, kimoja chako," mkwewe akasema. "Alitaka akuvishe utakapokuja. Sisi tukamwambia aende tu, si mwanawe? Akasema hawezi kwenda harusi ya mtoto wake kama mpita njia."

Nilikaa kwenye kitanda chake. Nikasema nilimfikiria vibaya, nilidhani ni dini. Mkwewe akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akasema mbuzi wale alikwenda kuwachagua yeye mwenyewe, kwa miguu yake mibovu, Gongo la Mboto.

Nikatoka uani. Nikazunguka ukuta, nikapita mbele ya duka lililofungwa, nikasimama kwenye mlango wa mbele. Umri wangu wote sikuwahi kusimama pale kama mgeni, wala sikujua kizingiti chake kimeinuka kiasi gani. Kanga zote mbili zilikuwa kifuani mwangu.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," wakaitikia wanawake wa ndani, wengi kwa pamoja, kama wanavyomwitikia yeyote anayekuja msibani. Nilisubiri kidogo. Kisha nikavua viatu, nikaingia, nikakaa mkekani karibu na mlango.