Kitambaa cha Ntheo ya Anti Mueni

Juzi jirani yangu alikuwa akipiga pasi vitambaa vya makochi pale mlangoni kwake. Wanga uliposhika joto, ile harufu ya uji wa ngano ulioungulia sufuriani ikanifikia jikoni kwangu nikikata sukuma. Nikaanza kucheka peke yangu. Jirani akachungulia, akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Nacheka mbuzi." Akanitazama, akarudi kwa pasi yake. Yeye hakukulia kwetu, kwa hiyo wacha niwaeleze nyinyi.

Pale sokoni Mukuyuni palikuwa na duka la nyuzi la Mwalimu Kalekye, chumba kimoja kilichobanana na kinu cha posho, hata mabonge ya uzi yalikuwa na vumbi la unga. Akina mama walimletea kazi zilizowashinda: kitambaa kisicho na pindo, shali isiyo na vishada, foronya iliyodariziwa ua nusu. Yeye alimalizia. Na likizo ikifika, Jumamosi mchana, alitufundisha sisi wasichana hiyo hiyo kazi ya kumalizia. Tuliketi kwenye mkeka, kila mmoja na sindano yake ya kroshia, tukinong'ona umbeya na kunusa wanga uliokuwa ukichemka kwenye jiko la makaa. Mwalimu alikuwa mnene, mcheshi, na hakuwa na huruma hata kidogo. Akiona safu imeenda upande, alisema neno moja tu: "Fumua." Ungelia, ungeapa, ungefumua.

Sikupelekwa pale kwa sababu ya kupenda uzi. Nilipelekwa kwa sababu ya Anti Mueni.

Anti Mueni alikuwa dada mdogo wa baba, kitinda mimba wa Susu, nyanya yangu. Dada zake wote walikuwa wameolewa, yeye ndiye aliyebaki na Susu nyumbani. Alikuwa na mchumba, Kyalo, mtu mpole wa Kyuso aliyeuza ndengu, na huyo Kyalo alikuwa amengoja hadi watu wakaanza kumwonea huruma. Kwetu, hata binti akivishwa pete kanisani, bila mbuzi wa ntheo, wale wanaoifunga ndoa kimila, kuletwa na kupokelewa bado anahesabiwa wa kwao. Na Susu alikuwa ameshaapa mbele ya watu: mbuzi wa Mueni hawatapokelewa kabla ya kitambaa cha meza kuisha. Kitambaa chenyewe alikifuma kwa mkono wake, cheupe, cha kufunika meza nzima, ndicho Anti angeenda nacho kwake.

Kitambaa hicho hakikuisha. Kila kilipokaribia ukingo, Susu alivaa miwani, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasonya. "Aka! Hii safu imekosea. Haya macho yangu yataniaibisha kwa wakwe." Akafumua. Anti akijitolea kusaidia, alizomewa kuwa bibi harusi hajifumii. Basi Anti akaona njia ni moja: akanishika mkono, akanipeleka kwa Mwalimu Kalekye, akasema, "Huyu ana macho mazuri. Mfundishe ukingo."

Nilikuwa na umri wa kung'oka meno. Ukingo wangu wa kwanza ulijikunja, wasichana wakacheka mpaka mwenye kinu akaja kuuliza tumeona nini. Nilifumua nikalia, nikafuma, nikafumua tena. Halafu siku moja, sijui mkono ulielewa nini, maua yakaanza kutoka yamelala sawasawa, moja baada ya jingine. Mwalimu akapitisha kidole juu yake. Akanyamaza. Kwake kunyamaza kulikuwa cheti. Nilikimbia hadi nyumbani, na nawaambia ukweli, sijawahi tena kuwa tajiri kama siku ile.

Susu alikataa kwanza kunipa kitambaa. Kisha Mchungaji akamsemesha, baba akamsemesha. Mwishowe akakitoa kitambaa sandukuni, akakiweka mapajani, akakikunja, akakikunjua.

"Chukua," akaniambia. "Lakini usiharakishe, umesikia mama?"

Nani angenizuia kuharakisha? Nilifuma nikienda mtoni, nikafuma nikichunga mboga isiungue, na ikaungua. Likizo haijaisha, kitambaa kimekwisha, na watu wa Kyuso wametumiwa habari.

Asubuhi ya siku yenyewe Susu akasema wanga wa Mwalimu ni maji matupu, atapika wake. Akapika uji mzito wa kumlisha mtoto, akautia chumvi, maana chumvi huzuia pasi kunata, na akaitia ya mkono mzima. Akachovya kitambaa, akakikamua, akaenda kukianika mwenyewe kwenye ua, upande ule wa jua.

Wageni wakafika mapema kuliko tulivyotarajia, pikapu imejaa wazee, kreti za soda na mbuzi waliotoka Kyuso gizani bila kuonja hata jani. Vijana wakawashusha, wakawafunga penye nafasi. Nafasi ilikuwa pale uani, upande wa jua.

Ni mimi niliyemwona. Beberu mweusi, macho amefumba nusu kwa utamu wa chumvi, na kona ya kitambaa ikiingia mdomoni polepole kama mtu anayekula tambi.

"Woi! Mbuzi anakula kitambaa cha ntheo!"

Wee, hapo ndipo ungeona mbio. Baba na fimbo, wajomba na mawe, na katikati yao mzee mmoja wa upande wa Kyalo anapiga kelele, "Msimpige! Bado hamjampokea, huyo ni mgeni!" Jirani mmoja akajibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," watu wakavunjika mbavu. Kitambaa kikavutwa huku, beberu akavuta kule, mwishowe akaachia. Kona moja ilikuwa imekwenda, na ukingo wangu nao.

Susu akakipokea. Akalitazama lile pengo, akasema kwa sauti tulivu kabisa, "Basi. Kitambaa hakijaisha. Wageni wale chakula, warudi na mbuzi wao, tutaonana baada ya mavuno."

Watu wakacheka zaidi, wakidhani ni mzaha. Anti Mueni hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na nguo yake mpya ya kitenge, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. Nilimpenda sana Anti Mueni. Nikamnyang'anya Susu kitambaa.

Mwalimu Kalekye alikuwa amealikwa, alikuwa anapanga sahani. Nikamwonyesha pengo. "Nifumue?"

"Leo hapana," akasema. "Kata nyuzi zilizotafunwa, funga mafundo, halafu zungusha."

Nikaketi nyuma ya jikoni kwenye debe. Mchungaji akafungua kwa maombi, na Mungu ambariki mtu yule, aliombea mvua, akaombea viongozi, akaombea shule, akaombea mifugo ya pande zote mbili. Mimi nafuma. Kwaya ikaimba, nafuma. Kona haikuweza tena kuwa mraba, kwa hiyo nikaizungusha duara, maua yakafuatana. Mwalimu akaipiga pasi ikiwa bado mbichi, moshi unafuka, tukaingia nayo sebuleni mbio.

Susu akakitandika mwenyewe. Akapitisha kiganja ukingoni, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, akafika kwenye ile ya duara. Mkono ukasimama. Nilijua atasema nini, nilikuwa nimeanza hata kulia.

"Mueni," akaita. Anti akaja akapiga magoti karibu naye. "Mezani kwako, hii kona iweke upande wako."

Vigelegele vilivyopigwa pale, nafikiri vilisikika mpaka mjini Sultan Hamud. Mbuzi wakapokelewa, yule beberu akiwa wa kwanza. Susu alilia mpaka akabadilishiwa leso, na sisi watoto tukaambiwa ni furaha. Nikaamini. Nilijiona shujaa, maana ni mimi niliyemwokoa Susu na aibu ya macho yake mabovu.

Macho gani? Miaka mingi baadaye, kabla hajatuacha, bado alikuwa akitia uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. Na sisemi kwamba alimwita yule mbuzi. Nasema tu chumvi ile ilikuwa nyingi.

Mwezi uliopita binti yangu alikuwa anaenda shule ya bweni kwa mara ya kwanza. Mchana kweupe niliketi kumshonea jina kwenye shuka. Nikalitazama, nikaona herufi moja imelala. Nikafumua. Nikashona tena, nikaona haijanyooka. Sanduku liko mlangoni, baba yake anapiga honi nje, na binti amesimama mbele yangu na sweta jipya lenye mikono mirefu kumzidi.

"Mama, iko sawa."

"Najua," nikamwambia, na vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kufumua.