Kata ya Mgeni

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nikifanya kazi peke yangu katika chumba cha nyuma cha kafe ya intaneti mjini Moshi. Nilitengeneza tovuti za ofisi zinazopandisha watalii mlimani. Kila bosi alitaka kalenda, hali ya hewa, na theluji ya kudondoka juu ya picha, utadhani mlima wenyewe haukuwa nayo ya kutosha. Vikorokoro hivyo vilikuwa moduli za JavaScript, vipande vya programu vilivyoandikwa na watu nisiowajua, na kwenye ukurasa huohuo wageni walijaza namba zao za pasipoti.

Sikumwamini mtu. Kila moduli niliifungia kwenye kisanduku chake: ifanye kazi humohumo, isiione fomu, isizungumze na jirani. Ikitaka kitu iombe, na mimi ndiye niamue. Kutwa nilikuwa nikizichokoza nione kama zitatoroka. Sikuwa na wa kumsimulia, na niliuzoea upweke ule hata nikaacha kupanda kijijini kwetu Old Moshi kumwona mama. Nilijiambia kazi ni nyingi.

Mama alikuwa akipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kwetu, anayemkaribisha mgeni hupiga funda la kwanza mwenyewe, mgeni aone kwamba pombe haina sumu. Sisi watoto wake hatukuonjewa. Tulipewa kata ya kibuyu tukanywa, na hapo ndipo ulipojua kwamba wewe ni wa pale.

Jumapili niliyopanda hatimaye, nilimkuta uani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekonda.”

Akanipa kata iliyojaa. Nikaishika, nikilitazama povu bila kuliona. Kichwani nilikuwa bado na kalenda moja iliyopenya kisanduku chake jana yake, na sikujua imepitia wapi.

Niliposhtuka, mama alikuwa ananitazama. Akaichukua kata mkononi mwangu, akapiga funda moja, akafuta mdomo, akanirudishia kwa mikono miwili.

“Haya. Haina kitu.”

“Mama, nilikuwa nawaza kazi tu.”

“Najua. Kazi.”

Niliumia, na hasira zote zilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikaigugumia yote, pamoja na machicha ya ulezi, nikampa kata tupu aione.

Akaipokea. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya wageni, kama ningependa kuongezewa.