Mbwa wa Bosi na Bata wa Bwawani

Bosi wangu wa Riyadh aliagiza mbwa wa kuwindia kutoka Ulaya, mbwa wa ukoo, mwenye makaratasi safi kuliko ikama yangu, kibali changu cha kuishi huku. Kazi yake ni kunusa ndege, kusimama tuli, kunyanyua mguu mmoja na kuelekeza pua. Kusimama alijua, mashallah! Mimi dereva niliwapeleka yeye na bosi bwawani nje ya mji, asubuhi ya baridi kali, hita yote ya gari imeelekezwa kwa mbwa.

Bosi akapiga bata, bata akaangukia katikati ya maji. Kwa kuwa mbwa wa kuwinda hutumwa kwa jina la Mungu, bosi akamwambia, "Bismillahi, yalla!" Mbwa akayatazama maji, akanyanyua mguu, akamwelekezea pua bata ambaye sote tulikuwa tunamwona. Hakusogea hata hatua.

"Maskini, atashikwa na mafua," bosi akasema.

Nikavua viatu, nikaingia hadi kifuani, nikamtoa bata. Niliporudi, mbwa alikuwa anafutwa kwa taulo.

Bunduki ikalia tena. Bosi akasema bismillahi yake vilevile, kwa sauti ileile. Safari hii alikuwa ananitazama mimi.