Kweleakwelea wa Nyuma ya Reli

Mwezi uliopita nilipita Kikuyu, mtaa niliokulia pale Dodoma, jua likizama. Nikajikuta nimesimama, natazama juu upande wa reli. Hakukuwa na kitu ila anga na mabati mapya ya nyumba nisizozijua. Wewe uliyekulia kwingine utaniwia radhi, ndugu yangu, lakini kwetu jioni haikuwa jioni mpaka ndege waje kulala.

Walikuwa kweleakwelea. Uwele ulipoanza kukomaa mashambani, walikuja makundi kwa makundi kutoka upande wa Ihumwa. Kwanza uliona kama moshi, kisha moshi ule ukajikunja, ukashuka kwenye migunga nyuma ya reli, na matawi yakainama. Kelele zao zilimeza hata adhana ya magharibi. Sisi watoto tulikaa kwenye tuta la reli tukishangilia. Bibi yangu hakushangilia. Alikuwa na shamba Ihumwa, na miaka mingine alivuna mabua. Alituambia tunachekelea ghala lake likiruka.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Akina baba wengi wa mtaa walikuwa wamepunguzwa kazini, na karibu kila mlango uligeuka genge. Jirani yetu mmoja, ambaye mumewe alitoka kiwandani mikono mitupu, aliuza ndege. Vijana waliwanasa kwa nyavu na kuwavunja shingo; yeye akawanyonyoa, akawakaanga kwa chumvi na pilipili mpaka mifupa ikatafunika. Harufu ile ilitutoa nyumbani na vibakuli kabla hata hatujatumwa. Lakini hakumpa mtu kitu kabla hajala ndege mmoja mwenyewe, mbele yetu. Mpishi asiyeonja, alikuwa akisema, anauza asichokijua.

Mwaka mmoja ikaletwa ndege ya kunyunyiza sumu huko mashambani. Tulicheka sana: ndege kaja kuua ndege. Gari la matangazo likapita likionya watu wasiokote mizoga. Haikupita muda, mume wa jirani akarudi na gunia la ndege alilonunua kwa vijana waliopita na baiskeli. Biashara ilikuwa imelala, na watoto wake walikuwa wanashindia mlenda.

Nilikuwepo wakati jirani anawamwaga kwenye ungo. Aliuliza mbona shingo zao nzima. Mumewe akasema vijana wameapa kwamba ni wa nyavu. Hakubishana naye. Aliwanyonyoa polepole, akawakaanga, na sisi tukapanga foleni kama kawaida.

Akala watatu. Nilipomnyooshea kibakuli, akanirudisha kwa mkono.

"Kaeni kwanza," alisema. "Leo mtasubiri."

Tulinung'unika, tukakaa. Tukaona jasho likimtoka usoni, kisha mate, kisha mikono ikaanza kutetemeka. Alijivuta mpaka jikoni, akalisukuma karai kwa mguu. Mafuta na ndege vikamwagika mchangani.

"Asile mtu," alisema. "Fukieni. Hata mbwa asile."

Mumewe na mjomba wangu walimpakia kwenye mkokoteni kumkimbiza hospitali. Hawakufika naye akiwa hai. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa nje, na ndege wakaja vilevile, wakashuka vilevile. Hakuna mtoto aliyepanda tutani.

Sijui mpaka leo alikuwa amejua kiasi gani. Bibi aliamini alijua, ila hakuwa na namna nyingine ya kumkatalia mume aliyekwisha kukata tamaa. Yule bwana hakupona aibu. Jioni alisimama chini ya migunga akigonga debe kuwafukuza, ndege wakiruka na kurudi, mpaka ndugu zake walipomchukua. Binti yao, tuliyekaa naye dawati moja, alipelekwa kwa shangazi yake huko Bahi. Sikumwona tena.

Migunga ilikatwa, viwanja vikapimwa. Wanasema mji umependeza, na ni kweli. Nami nikiri, nawakumbuka ndege wale kwa hamu, hata baada ya yote hayo, na hamu hiyo inanitia uchungu.

Kabla sijaondoka, niliingia duka moja, nikauliza kama kuna anayekumbuka yule mama alizikwa upande gani. Kijana wa dukani aliniamkia vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama natafuta kiwanja.