Dakika Kumi za Mama Funguo

Ofisini walimwita Mama Funguo, na kila mgeni aliambiwa jina hilo ni sifa: eti huyu ndiye mwenye funguo zote za mtandao wa hospitali kuu na matawi yake kumi na manne. Mwenyewe alicheka tu, akaacha ipite. Miaka kumi na mmoja aliacha ipite. Ukweli wa jina lile aliujua yeye na dereva mmoja aliyekwishastaafu, nasi tutaufikia.

Kwanza mtazame kazini. Mwanamke mfupi, miwani ina kamba shingoni, sweta haimtoki mwilini kwa sababu chumba cha mitambo kina baridi ya kutetemesha meno. Kazi yake ni kutunza ukuta wa mtandao, yaani kile kisanduku kinachokaa mlangoni mwa kila tawi na kuamua habari ipi iingie, ipi itoke, ipi ifukuzwe. Mipangilio ya kila kisanduku anaiwekea nakala, na mwaka huu alipewa msaidizi: programu ya akili mnemba ambayo unaiandikia kwa maneno ya kawaida tu, nayo inachagua nakala na kuirudisha kwenye kisanduku yenyewe. Wenzake walidhani ataisusia. Wapi! Aliipokea kama mkwe mpya, kwa heshima zote, na jicho juu yake.

Asubuhi moja ya mvua, radi ilipiga hospitali ndogo ya mlimani, tawi la mbali kuliko yote, ikaunguza kisanduku chao. Muuguzi mkuu wa kule akatoa cha akiba stoo, akakichomeka. Kilikuwa kitupu, hakijui kitu, ila kilikuwa na upenyo mmoja mwembamba ambao Mama Funguo angeweza kupitia. Kwenda kwa gari haikuwezekana. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Simu za kule zilipitisha sauti tu, tena kwa kukwaruza. Na kitandani alilala fundi ujenzi aliyeanguka kutoka jukwaani. Picha ya kichwa chake ilikuwa tayari, lakini daktari bingwa wa hospitali kuu hangeiona mpaka mtandao urudi, na daktari wa kule hangejua apasue au asubiri.

"Msaidizi wako ameshapata nakala ya jana," alisema mkuu wa kitengo, amesimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni. "Anasema haina kasoro. Bonyeza, mama."

"Nabonyeza, bosi. Ngoja nimwambie jambo moja."

Akaandika: rudisha nakala ya jana, lakini kiagize kisanduku kwamba nisipothibitisha ndani ya dakika kumi, kijirudishe chenyewe kama kilivyokuwa.

"Dakika kumi za nini tena? Kuna mtu anakufa kule!"

"Ndiyo maana."

Akabonyeza. Skrini ikaonyesha nakala inaingia, ikaingia yote, kisha ule upenyo ukazimika. Akajaribu kuingia upya, wapi. Akajaribu tena.

"Umejifungia nje!" mkuu akafoka.

Neno hilo lilimchoma, maana hiyo ndiyo aibu kubwa ya kazi yao: kujenga ukuta ukamalizikia upande usio na mlango. Miaka kumi na mmoja nyuma, bado mgeni kazini na mwenye kiherehere, alifuta mstari mmoja tu katika kisanduku cha tawi la mbali, akabaki nje. Siku mbili wagonjwa wa kule walikosa majibu ya vipimo, mpaka alipofika kwa gari la kazi na kuchomeka waya kwa mkono wake. Dereva ndiye aliyecheka njia nzima: "Mama Funguo, mwenye kufungia funguo ndani!" Jina likashika, sababu ikasahaulika, naye hakumkumbusha mtu. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Akavua miwani akaifuta. Mkuu alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Dakika ya sita. Ya nane. Mama Funguo alikuwa na hofu, tusimpambe. Ila hakugusa kitu.

Dakika ya kumi ilipotimia, kisanduku kikajirudisha kilivyokuwa, upenyo ukawaka.

Papo hapo akampigia muuguzi. "Sista, waya wa mtandao umeuchomeka tundu la ngapi?"

"La pili, mama. La kwanza lina stika, nikajua halitumiki."

"Bandua stika, uuhamishie la kwanza."

Kisanduku kitupu kilikubali waya tundu lolote, lakini nakala ilijua tundu la kwanza tu, na msaidizi, pamoja na akili zake zote, hakuwa na macho ya kuona stika ya stoo. Akamwagiza upya, kwa maneno yale yale, dakika kumi zikiwemo. Safari hii mtandao ulifunguka, akathibitisha, picha ikapita. Bingwa aliitazama, akasema pasueni sasa hivi. Jioni muuguzi alipiga simu: fundi ameamka, anauliza kiatu chake cha pili kiko wapi.

Kabla ya kufunga kazi, msaidizi aliuliza kama dakika kumi ziwe sheria kwa kila nakala itakayorudishwa, na akaomba sababu, ili watakaokuja waelewe. Mama Funguo angeweza kuandika "kwa usalama" akaenda zake. Akaandika: "Kwa sababu mimi niliwahi kujifungia nje, na wagonjwa wakakosa majibu siku mbili. Ndipo nilipopata jina la Mama Funguo."

Mkuu alichungulia begani kwake, akasoma, akasoma tena.

"Mama, hii wataisoma wote."

"Ndivyo nitakavyo. Mficha uchi hazai."

Akahifadhi.