Msumari wa Mtandao

Krismasi hii tulikutana tena kwa bibi, nje kidogo ya Ilongero, na mazungumzo yalikuwa yale yale ya kila likizo siku hizi: nani ana simu gani, nini kipya kimetoka, nani anachekwa mtandaoni wiki hii. Mvua ilikuwa imetufungia ndani. Wanawake tulimenya karanga, wanaume wakawa wanazila kabla hazijafika kwenye bakuli. Mtoto wa mjomba wangu, kijana anayetengeneza simu Singida mjini, alimwonyesha bibi video ya simba anayeendesha bodaboda, kofia ngumu kichwani, anapungia watu mkono.

"Usishtuke, bibi. Hiyo ni akili mnemba. Imetengenezwa na kompyuta."

"Simba nimemwona," bibi akasema. "Wewe hiyo akili umeiona?"

Tulicheka mpaka karanga zikamwagika. Kijana akaona kwa bibi hapati kitu, akanigeukia mimi.

"Dada, wewe si mtu wa video? Kuna programu mpya imetoka. Unarekodi hata katikati ya mnada wa ng'ombe, yenyewe inafuta kelele zote, inabaki sauti ya mtu peke yake."

Nikamwambia ninayo, naitumia kila siku.

"Na hizo kelele zinaenda wapi?" bibi akauliza.

Kijana akacheka tu. Wenzangu wakahamia kwenye habari nyingine, lakini mimi nilibaki na ganda la karanga mkononi. Nilikuwa nimekwisha kurudi nyuma, kwenye likizo moja ya mwezi wa sita, nikiwa darasa la nne, katika boma hili hili.

Nikwambie ukweli, wewe unayesoma. Mimi ni mtu wa kufuta. Kazi ya kuhariri video sikuisomea popote, nilijifundisha mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na pengine ndiyo maana kila siku nahisi kuna mtu atakuja kugundua kwamba sijui. Kwa hiyo narudia. Hata ujumbe wa sauti wa kumwambia shangazi shikamoo naurekodi, nausikiliza, naufuta, naurekodi tena, mpaka shangazi anapiga mwenyewe kuuliza kama naumwa. Ukiniuliza lini mara ya mwisho nilisema kitu kikubwa bila kukifanyia mazoezi, nitakupeleka kwenye ule msumari.

Wakati huo mnara wa simu haukuwa umefika upande wetu. Mtandao ulikuja kama mgeni mwenye haraka, ukapitia mahali pamoja tu: kwenye nguzo ya mlango wa ghala la mtama, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima. Mjomba alizunguka boma zima na simu mkononi kama anayetafuta maji ya kisima, akapapata hapo, akapiga msumari. Tangu siku hiyo simu ya bibi ilining'inia pale ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa alioushona mwenyewe. Ukiiondoa, hata kwa hatua moja, mtandao umekwenda. Na kwa kuwa kisikilizio chake kilikuwa kimekufa, ilizungumza kwa spika. Anayepiga alisikiwa na boma zima, anayejibu alisimama chini yake, ameinua kidevu kama kuku anayekunywa maji.

Sasa ongeza jambo hili: mbele ya ghala ndipo tulipopigia alizeti.

Kama hukuwahi kukaa Singida mwezi wa sita, nikuelezee. Ni mwezi wa upepo. Asubuhi baridi inakung'ata masikio, jua likitoka linakuwa la kuangalia tu. Vichwa vya alizeti vimekauka, vimerundikwa kwenye turubai, na watu wanakaa kuzunguka rundo, kila mmoja na fimbo yake. Unashika kichwa, unakigeuza, unakipiga mgongoni, mbegu zinaruka kama mvua ya kwanza kwenye bati. Leo tunapiga kwako, kesho kwangu. Vumbi linaingia puani, harufu yake ni ya mafuta ambayo bado hayajawa mafuta. Mchana bibi anapakua ugali wa uwele na mlenda, na unakula haraka kwa sababu upepo nao unataka kula, unatia mchanga.

Kazi ya mikono inaacha mdomo bila kazi, kwa hiyo tulizungumza. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye shamba lake lilipakana na la bibi, ndiye aliyekuwa gazeti letu. Akitoka mjini alikaa chini, akachukua fimbo, akaanza kutoa habari za teknolojia kama mtu aliyeziona zikizaliwa.

"Kuna simu sasa hazina vitufe. Unaipapasa tu kioo."

"Na ukiwa umetoka kula nyama?" akauliza mama jirani, ambaye hakuwahi kuacha jambo lipite hivi hivi.

"Unanawa, mama."

"Basi si simu hiyo. Hiyo ni mgeni wa heshima."

Siku nyingine mwalimu alileta habari kwamba kuna watu wana marafiki elfu moja kwenye intaneti na hawajawahi kuonana na hata mmoja. Mama jirani alisimamisha fimbo yake hewani. "Elfu moja! Na akifiwa, kaburi anachimbiwa na nani?" Watu walicheka kutwa nzima. Hata leo, nikiona mtu ana wafuasi wengi, namwazia makoleo.

Lakini palikuwa na desturi pale kwenye turubai ambayo hakuna mtu aliyeitangaza. Simu ikilia, fimbo zinatulia, ili watu wasikie nani anapiga na wamsalimie. Salamu zilikuwa za wote. Ila mwenye simu akigeuza uso wake kuelekea ukutani, maana yake amefika kwenye jambo lake mwenyewe. Hapo fimbo zinaanza upya, tena kwa nguvu kuliko mwanzo, mpaka maneno yake yanazama katika kelele. Hivyo ndivyo binti wa mama jirani alivyochumbiwa, mbele ya watu kumi na zaidi, na hakuna aliyejua lolote mpaka mahari ilipofika. Bibi alikuwa na neno lake: mwenye adabu hasikii kila kitu.

Mwaka ule mama yangu alikuwa amepata kazi ya uuguzi kwenye zahanati upande wa Rungwa, mbali kabisa, karibu na pori la wanyama. Mimi nilibaki kwa bibi, nilikoishi tangu nilipoanza shule. Mama alipiga kila Jumamosi jioni. Naye kule ilimbidi asimame juu ya kichuguu kupata mtandao, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa ya watu wawili wanaoangalia juu. Jumamosi moja alisema amepata nyumba, na kuna shule. Shule zikifunguliwa naweza kuhamia kwake, au nibaki kwa bibi. "Fikiri, wiki ijayo utaniambia." Bibi alikuwa amekaa pale pale. Alichosema ni kimoja: "Aamue mwenyewe."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nilimtaka mama yangu kwa njia ambayo sijui kuiandika. Nilikuwa nalala na kitenge chake. Lakini bibi ndiye aliyenifundisha kuosha uso. Alikuwa akiniita mke mwenzangu na kunigawia ukoko wa maziwa kwanza kabla ya mtu yeyote. Nikisema naenda, namwacha peke yake, tena nasema mbele yake, maana simu haitoki msumarini. Nikisema nabaki, mama atateremka kwenye kichuguu chake akiwa amekataliwa. Nikatunga sentensi. Nilipokuwa nachunga mbuzi niliisema, nilipokuwa nachota maji niliipunguza, nikaiongezea "kama bibi hatajali", nikaiondoa. Kufikia Jumamosi ilikuwa sentensi nzuri sana, isiyomuumiza mtu.

Simu ililia jua likiwa limeinama. Fimbo zikatulia. Nikasimama chini ya mfuko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo wote hapo?"

"Hatujambo!" turubai zima likaitikia, na mwalimu akauliza habari za tembo, na mama jirani akauliza kama asali ya huko kweli ni nyeusi. Kisha mama akasema, "Haya, mwanangu. Umefikiri?"

Nikageuza uso ukutani. Nyuma yangu nilimsikia bibi akiwaambia wenzake, "Jamani, alizeti haijipigi yenyewe."

Fimbo zikaanza. Sijawahi kusikia alizeti ikipigwa vile. Walinipa ukuta mzima wa kelele nijifiche ndani yake, na mimi nikafungua mdomo kutoa sentensi yangu nzuri.

"Nini?" mama akasema. "Sikusikii! Huko mvua ya mawe?"

Nikarudia.

"Mwanangu, sikusikii! Paza sauti!"

Sentensi ikanitoka kichwani yote. Hakikubaki kitu. Nikashika nguzo kwa mikono miwili na kupiga kelele kuelekea juu kwenye ule mfuko: "Nataka kuja! Nataka kuja kukaa na wewe! Lakini bibi atabaki na nani?"

Mtu wa mwisho bondeni alinisikia. Mbuzi walinisikia. Nilijua, kwa sababu sauti yangu iligonga jiwe kubwa lililo nyuma ya zizi ikarudi.

Fimbo hazikusita. Hata moja. Nilipogeuka, macho ya wote yalikuwa chini kwenye kazi. Mwalimu alikuwa anapiga kama mtu aliyeahidiwa zawadi. Na bibi, bibi yangu alikuwa anapiga kichwa cha alizeti ambacho mbegu zake zilikuwa zimekwisha kitambo, kitupu kabisa, anakipiga, anakigeuza, anakipiga.

"Nimesikia, mwanangu," spika ikasema, na mtandao ukakatika.

Nikarudi kukaa kwenye nafasi yangu. Nikachukua fimbo yangu.

"Mama hajambo?" mwalimu akauliza, kana kwamba alikuwa amesafiri akarudi.

"Hajambo."

"Alizeti ya mwaka huu ina kelele," mama jirani akasema, anajipangusa vumbi. "Mtu hata jina lake halisikii."

 Asubuhi yake tulikuwa tunapepeta, yeye anamwaga mbegu kutoka juu, upepo unachukua makapi, mimi naziba macho. Akaanza kuzungumza kama anayezungumza na ungo.

"Mimi nina kuku. Nina jirani ambaye hanyamazi. Nina wajukuu wengine wanaoninyima usingizi. Mtu akiniambia eti niko peke yangu, nitamcheka." Akamwaga tena. "Nasikia Rungwa kuna asali. Mtu akienda huko, si vibaya akaniletea."

Alinijibu swali ambalo hakuwa amelisikia. Nilikwenda mwezi wa saba. Niliporudi likizo ya Desemba nilikuwa na dumu la asali, ni kweli ilikuwa nyeusi.

Siku hizi alizeti inapigwa na mashine. Inakuja kwenye trela, inanguruma, kabla ya mchana kazi imekwisha na kila mtu amerudi kwake. Ghala lilibomolewa, nguzo ikawa kuni. Mnara umesimama juu ya mlima na mtandao uko kila mahali, hata zizini. Mwalimu alistaafu akahamia Ikungi kwa mwanawe. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Mama kusimama juu ya kichuguu jioni karibu na pori lenye simba wasio wa kompyuta si jambo la kutamani. Ninachokikosa ni ile hali ya kuwa katikati ya watu wanaokujali kiasi cha kukusikia, na wanaokuheshimu kiasi cha kukanusha kwamba wamesikia. Kwenye kundi letu la familia leo, ukisoma ujumbe alama zinageuka bluu, na usipojibu unaulizwa. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ile adabu ilikwenda na makapi.

Sasa nikumalizie habari ya ile siku ya karanga. Alikuwepo binti mdogo wa mjomba wangu mwingine, wa darasa la sita, ambaye baba yake yuko mgodini na aliahidi kuja sikukuu. Simu yake ililia, akasogea dirishani, maana mvua haikumruhusu kutoka nje. Tukasikia, "Lakini uliahidi, baba." Kisha sauti ikakatika katikati, ile ya mtoto anayejizuia.

Sikufikiri. Nikasema kwa sauti kubwa, "Zile simu za kukunja ni ujinga mtupu!"

Sina maoni yoyote kuhusu simu za kukunja. Lakini fundi wetu wa mjini aliinua macho, akanitazama, akatazama dirishani, na akapokea. "Ujinga? Dada, wewe hujui unachosema!" Shangazi naye akaingia, akipiga sinia kwa kiganja, anatetea simu ambayo hajawahi kuishika. Mjomba akadai zinakunjwa mara tatu, mwingine akasema nne, watoto wakashangilia wasichokijua, na chumba kizima kikawa mnada. Hoja hazikuwa na kichwa wala miguu. Nilibishana vibaya, nilirudia maneno, na sikutamani kufuta hata moja.

Binti aliporudi kukaa, macho yake yalikuwa mekundu. Hakuna aliyemtazama. Bibi alimsogezea bakuli la karanga, akamwegemea kidogo begani, akamwuliza: "Hebu nisaidie, mke mwenzangu, hawa wanapiga kelele tu. Simu ikikunjwa, haivunjiki?"