Mwanaidi na Nyumba ya Kutazamwa

Kondo, mfanyabiashara wa boriti za mikoko, alipojenga nyumba yake Kibiti, wapita njia walisimama kuishangaa. Paa lilikuwa bapa, la zege, na madirisha ya vioo yalianzia karibu na sakafu. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Mchanga wa nyumba ile mkewe Mwanaidi aliubeba kichwani pamoja na vibarua, na mimba tumboni. Mimba ile iliharibika, wala hakupata nyingine. Mwanawe akawa Salumu, mdogo wa mumewe, aliyemlea tangu anatambaa.

Homa ikamchukua Kondo. Mwanaidi alipotoka eda, Salumu alimjia kwa upole.

"Mama, tukiigawa nyumba hii itauzwa. Tuiache vilevile alivyoiacha kaka, watu waje waone alichojenga Mrufiji. Wewe utakaa humo uitunze."

Mwanaidi alilia kwa furaha. Mbele ya wazee akatamka kuwa amemwachia Salumu fungu lake la mirathi.

Haukupita muda, Salumu akaja na kamba, akakizungushia kitanda cha Mwanaidi. "Nyumba ya kutazamwa hailaliwi, mama." Akamhamishia kibanda cha uani, kati ya magunia ya saruji. Mwanaidi alitandika mkeka wake humo; mwana ni mwana.

Siku ya ufunguzi walikuja wageni wa bomani na wa Dar es Salaam. Mwanaidi alivaa kanga mpya, akawafuata nyuma. Chumbani, mama mmoja wa Kihindi akauliza, "Marehemu hakuwa na mke?"

"Alikuwa naye, ila hakudumu," alijibu Salumu. "Nyumba hii tuliijenga mimi na kaka."

"Salumu!" Mwanaidi aliita. "Nitazame."

Salumu aligeuka, akatabasamu. "Huyu ni mfagizi wetu."

Mwanaidi aliifungua ile kamba, akapanda kitandani kwake, akajifunika kanga gubigubi. Wageni wakatoka mmoja mmoja. Salumu alisihi, akafoka, mwisho akaita wanaume, wakamtoa wamembeba.

Aliwaendea wazee, nao wakamwambia kauli ya kuliachia fungu ilitoka kinywani mwake mwenyewe. Akahamia kwa kaka yake, kijiji cha Mbwara, akalima mpunga. Kila Idi Salumu alimpelekea kitambaa, naye alikirudisha.

"Nyumba nimeshaisahau," alimwambia kaka yake. "Lakini nikisikia njiani sauti kama ya Salumu, bado nageuka."